Alhamisi Bila Kitunguu

Argyris fundi vitasa alijua amekosea kabla hata hajafunga mdomo. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu, "Leo bila kitunguu," lakini aliyasema mbele ya Meropi, na kumwambia Meropi jambo kama hilo ni sawa na kulibandika kwenye mlango wa kanisa.

Meropi alikuwa nyuma ya kaunta, mkate wa pita umelala kiganjani mwake, moto, tayari kujazwa. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshazama kwenye bakuli la vitunguu, kwa sababu pita ya Argyris ilikuwa haiagizwi. Kila Alhamisi jioni alikaa meza ileile ya dirishani, na Meropi akamfungia bila kuuliza: nyama, nyanya, chipsi, mtindi wa kitunguu saumu uliojaa pomoni, na vitunguu vibichi mara mbili ya watu wengine. Ilikuwa hivyo mke wake alipokuwa hai, na alipofariki ikaendelea kuwa hivyo.

"Umesemaje, fundi?"

"Bila kitunguu." Akakohoa kidogo. "Na huo mtindi wa saumu nao uuache."

Thrasos, mume wa Meropi, alikuwa akichonga nyama kwenye mshikaki mkubwa uliosimama mbele ya moto. Kisu chake kirefu kikasita. Mshikaki uliendelea kuzunguka peke yake huku mafuta yakidondoka, lakini mwenyewe aligeuka akamtazama mteja wake kuanzia viatu mpaka nywele.

Katika mtaa ule wa Volos, mji wa Ugiriki, hakuna mtu mzima mwenye akili timamu anayekula pita bila kitunguu ila awe na miadi. Vijana hufanya hivyo Jumamosi, Meropi huwakonyeza, nao huona haya na kuondoka na pita zao. Ukiagiza bila kitunguu umetangaza kwamba leo pumzi yako itakuwa karibu na pumzi ya mtu mwingine. Argyris alilijua hilo vizuri, maana yeye mwenyewe alikuwa amewacheka vijana hao kwa miaka, tena kwa sauti. Angeweza kula nyumbani. Angeweza kushinda na njaa. Angeweza hata kuichukua pita na vitunguu vyake, akaenda kuvichomoa barabarani na kuwaachia paka wavinuse. Lakini hapana, alikwenda akajipalia makaa mwenyewe, tena kwenye duka la nyama choma.

Na miadi alikuwa nayo.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na duka la Ourania, mshonaji nguo, mjane mwenye mikono myepesi na maneno machache. Tangu majira ya baridi, kitasa cha mlango wake wa nyuma kilikuwa kigonjwa. Kila Alhamisi Argyris alikwenda na begi lake la vifaa kukitibu, na kila Alhamisi kitasa kilipata nafuu kidogo tu, kiasi cha kuhitaji kutazamwa tena wiki inayofuata. Aligonga nyundo mara mbili tatu ili majirani wasikie kazi inafanyika, kisha wakakaa katikati ya mabaki ya vitambaa wakanywa kahawa na kucheka. Alhamisi iliyopita, wakati wa kuagana, Ourania alimshika kola akainyoosha, na mkono wake ukakaa pale kwa muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji.

"Wiki ijayo," alisema, "usije na nyundo."

Lakini alimwekea na sharti. Marehemu mume wake alikuwa amemkimbia na mwimbaji wa mji wa Larisa, akaishi naye huko mpaka mauti yalipomkuta, na mtaa mzima ulikuwa umeifaidi habari hiyo. "Walinitafuna, Argyris," alimwambia. "Nilikuwa nikiingia kununua mkate, duka zima linanyamaza. Sitatafunwa mara ya pili. Siku nitakayosikia jina langu na lako yametajwa pamoja kwa Thrasos, beba begi lako uende. Kitasa nitamwita fundi mwingine."

Argyris alimwamini, kwa kuwa Ourania hakuwa mtu wa kutishia asichokusudia. Na alimpenda. Mzee yule wa mvi na magoti mabovu alimpenda yule mama mpaka usingizi ukawa shida, na sasa alikuwa amekaa katikati ya duka la Thrasos ameushika moto kwa mikono miwili.

"Daktari kakukataza?" aliuliza Pantelis.

Pantelis alikuwa dereva wa teksi na mwenzake wa meza. Walijuana tangu jeshini, na hakuna alichokipenda Pantelis kuliko kumwona rafiki yake amebanwa.

"Tumbo," alisema Argyris. "Linanisumbua."

"Pole, ndugu yangu. Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Basi hilo tumbo lina maringo," alisema Meropi kutoka kaunta. "Kitunguu halitaki, nyama ya mafuta linataka, chipsi linataka. Nikuchemshie wali mweupe?"

"Nifungie pita, Meropi."

"Naifunga, fundi. Nina haraka gani?"

Pantelis akainama juu ya meza, pua mbele. "Thrasos, hebu njoo umnuse huyu."

"Nina kazi."

"Kazi haikimbii. Njoo. Jana alikuwa na ndevu, leo hana. Na hilo shati bado lina mikunjo ya boksi."

Thrasos akaja na kisu chake mkononi, akasimama nyuma ya Argyris, akavuta hewa kama mtu anayeonja mchuzi. "Marashi," alisema. "Tena siyo ya sokoni."

"Ni sabuni," alisema Argyris.

"Sabuni hiyo ukiipata tena niletee na mimi," alisema Meropi. "Huyu wangu ananukia nguruwe tangu tufunge ndoa."

Wateja wa meza ya pili waliacha kula. Argyris akajitia hamnazo, akatazama mpira kwenye televisheni, bahati mbaya yalikuwa ni matangazo ya sabuni ya kufulia.

"Tupe jina tu," alisema Pantelis, "tukuache ule kwa amani."

"Hakuna jina."

"Basi tutalitafuta wenyewe. Mtaa wetu wenyewe una ukubwa gani?" Akajisogezea vitu vilivyokuwa mezani. "Kanisa hili hapa." Akaweka kichupa cha chumvi. "Duka la mikate hili." Akaweka haradali. "Mama wa mikate ana mume, tena mume mwenye mikono ya kukandia unga, kwa hiyo huyo tumfute. Duka la dawa hili hapa. Yule binti angekuwa mjukuu wako, ningekupiga mwenyewe. Sasa tuvuke barabara."

Akachukua kiboksi cha tishu akakiweka upande wa pili wa mstari wa vijiti vya meno, ambao ndio ulikuwa barabara. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya karatasi ya meza, taratibu, kikapita kwa kinyozi, kikapita kwa muuza samaki. Argyris alikitazama kidole kile roho juu. Mtaa wote ule angeuvumilia, isipokuwa kile kiboksi cha tishu, kilichokaa palepale penye duka la Ourania.

Mlango ukafunguka, akaingia Evterpi.

Naomba mwelewe maana ya Evterpi kuingia saa ile. Evterpi alikuwa wifi yake Ourania, dada wa yule marehemu aliyekimbilia Larisa, na aliishi ghorofani juu ya duka la kushonea. Alivaa nyeusi mwaka mzima na alijua nani kafua shuka ngapi. Alikuwa amefuata mishikaki yake, aliyoiagiza kwa simu, na Thrasos akamwambia asubiri kidogo. Evterpi hakuwahi kuchukia kusubiri mahali palipo na watu.

"Kuna nini hapa?" aliuliza. "Mbona mmekusanyika hivi?"

"Fundi Argyris kaacha vitunguu," alisema Meropi.

Evterpi akamgeukia Argyris. Alimtazama kidevu kilichonyolewa, akalitazama shati. "Kaacha kwa ajili ya nani?"

"Ndilo tunalotafuta," alisema Pantelis, kidole bado kipo juu ya meza.

"Alhamisi," alisema Evterpi polepole, na Argyris aliisikia akili ya yule mama ikizunguka kama ufunguo kwenye kitasa. "Hebu niambie, fundi. Kile kitasa cha wifi yangu kinapona lini? Kila Alhamisi nasikia nyundo. Kogo, kogo, halafu kimya. Nimewahi kuona milango ya benki ikitengenezwa kwa muda mfupi kuliko huo."

Pantelis akautazama uso wa rafiki yake. Kisha akakitazama kiboksi cha tishu. Mdomo wake ulianza kufunguka, na katika mdomo ule Argyris aliyaona majina mawili yamekaa bega kwa bega yakisubiri kutoka.

"Meropi," alisema kwa sauti kubwa. "Lete vitunguu."

"Na tumbo?"

"Tumbo limepona. Nilikuwa nawatania, nikaona nanyi mmelipuka kama mafuta. Watu wazima mnachunguzana pumzi. Weka vitunguu, weka na mtindi wa saumu. Weka vingi."

Pantelis alikuwa bado amefungua mdomo, lakini sasa hakujua atoe nini. Thrasos ndiye aliyeelewa haraka jinsi ya kuufaidi wakati ule. Alifuta kisu kwenye aproni, akaenda jikoni, akarudi na kitunguu chekundu, kikubwa, kizito, ambacho hakikuwa kimeonja hata tone la maji la kukipunguzia ukali.

"Vya kwenye bakuli ni vya wateja wa kawaida," alisema. "Wewe tunakukatia chako."

"Kimoja hakitoshi," alisema Pantelis, amepata sauti yake tena. "Mtu mwenye miadi anaweza kujikaza kwa kimoja ili atuzuge. Viwili, hapo nitaamini."

"Viwili," alisema Evterpi, akavuta kiti akakaa.

Wakaviweka mbele yake vimekatwa vipande vinne vinne, kando ya pita ambayo Meropi aliijaza mtindi wa saumu mpaka ukawa unachungulia nje. Argyris akaanza. Kipande cha kwanza alikitafuna akitabasamu. Cha tatu kilimtoa machozi, akasema ni moshi wa jiko. Kwenye cha tano aliomba bia, Meropi akamwambia bia inamaliza nguvu ya kitunguu, hivyo asubiri. Alitafuna akiwa anamfikiria Ourania upande wa pili wa barabara, amefunga cherehani, labda amevaa lile gauni la buluu, labda anatazama saa, na kila kipande kilimsogeza mbali naye. Mambo ya ajabu alishawahi kuyafanya kwa ajili ya mwanamke, alipokuwa kijana aliwahi kupanda balkoni, lakini hakuna lililomuuma kama hili. Alikimaliza kipande cha mwisho, akalamba na vidole, akamtazama Evterpi.

Evterpi aliinuka, akapokea mishikaki yake. Alikuwa ameridhika, na kidogo amesikitika, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hafi.

"Aliyekula namna hii," alisema, "leo analala na mto wake peke yake." Akatoka, wakamsikia akivuka barabara huku anacheka.

Mchezo ukawa umeisha. Wateja walirudi kwenye sahani zao, Thrasos akarudi kwenye nyama yake, na Pantelis akampiga Argyris begani akisema ana moyo wa simba na mdomo wa jalala. Majina yake na ya Ourania hayakuwa yametajwa pamoja. Alikuwa ameshinda, na hakuwahi kuchukia ushindi kiasi kile.

Alikwenda chooni akasukutua. Akasukutua tena kwa sabuni ya kunawia mikono, akatema mapovu, akapumulia kiganja na kunusa, akataka kulia. Kwenda kwa Ourania katika hali ile asingethubutu. Kutokwenda nako, siku ambayo alikuwa ameambiwa aache nyundo nyumbani, kungekuwa ni kumwambia kwamba naye ni mwanamume wa kutoweka tu, kama yule wa Larisa. Kumpigia simu? Pantelis alikuwa na masikio ya popo. Alirudi mezani akaagiza nusu limau, akaanza kulinyonya huku anaitazama saa ya ukutani. Mshale mkubwa ulifika juu, saa ya miadi, ukapita.

"Limau la nini tena?" aliuliza Pantelis.

"La tumbo."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka tena, na safari hii hata mshikaki ulionekana kuzunguka kwa adabu. Ourania alikuwa hajatia mguu kwa Thrasos tangu mume wake alipoondoka. Alivaa gauni la buluu. Futi ya kupimia nguo bado ilikuwa shingoni mwake, kwa sababu alikuwa ametoka kwa haraka akaisahau. Wateja walinyamaza, wote kwa pamoja, kama lile duka la mikate la zamani, naye akausikia ukimya ule akaupita, akaenda mpaka kaunta.

"Habari za jioni, Meropi."

"Nzuri, Bi Ourania. Karibu. Karibu sana."

"Wifi yangu amenigongea mlango sasa hivi, anacheka mpaka hawezi kusimama. Ananiambia kuna onyesho hapa. Nimechelewa?"

"Limeisha sasa hivi tu," alisema Meropi.

"Basi nifungie pita moja."

Meropi akachukua mkate. Mkono wake ukaenda kwenye bakuli ukasimama juu yake, haukushuka. Duka zima liliutazama mkono ule.

"Na kitunguu?" aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea.

"Kama cha fundi," alisema Ourania.

Thrasos hakungoja kuambiwa. Alikwenda jikoni akarudi na kitunguu, na hiki alikiosha. Ourania alipokea sahani yake, akapita katikati ya meza, akasimama mbele ya Pantelis.

"Shemeji, umekalia kiti changu."

Pantelis aliinuka haraka mpaka akaangusha kanisa. Ourania akaketi. Akavuta tishu moja kutoka kwenye kile kiboksi, ambacho hakujua kwamba ni duka lake, akaitandaza mapajani, akachukua kipande cha kwanza cha kitunguu.

"Ourania," alinong'ona Argyris, kiganja mbele ya mdomo. "Wanatazama."

"Nawaona."

"Ulisema siku majina yetu..."

"Nilisema yakitajwa. Mtu aliyekula vitunguu viwili ili nisitajwe, nami nikae jengo moja na Evterpi nikimsikiliza anavyokucheka?" Akatafuna. Macho yakamjaa maji, na hayakuwa yote ya kitunguu. "Yule mwingine hakuniachia hata barua. Acha kunyonya hilo limau, unanitia aibu."

Argyris akaliweka limau chini. Ourania alikula bila haraka na bila kuacha kitu, pita yote, kitunguu chote, na watu walimtazama mpaka walipochoka kumtazama na kuanza kuona haya wenyewe. Pantelis alitaka kusema jambo mara mbili, na mara zote mbili Meropi alimsogezea sahani ya chipsi. Ourania alipomaliza alijifuta midomo, akahamisha kiti chake kutoka upande wa pili wa meza mpaka ubavuni mwa Argyris, akamsogelea uso kwa uso, akavuta pumzi.

"Hunuki," alisema. "Hunuki hata kidogo."

Argyris alicheka. Alicheka kwa mdomo wazi, na waliokaa karibu walijuta, lakini Ourania hakurudi nyuma hata kidogo, na mkono wake ukapanda kwenye kola ya fundi ukakaa pale.

Nje, juu ya duka la kushonea, dirisha la balkoni lilifunguliwa kwa kishindo. Evterpi alisimama pale na mshikaki mmoja mkononi, haujang'atwa bado, akiwatazama kupitia kioo cha Thrasos. Kisha akainama juu ya ukingo.

"Fundi!" aliita, mtaa mzima ukasikia. "Na kitasa cha wifi yangu?"

Argyris aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akavuta pumzi ndefu ya vitunguu viwili.

"Hakina ugonjwa, Bi Evterpi," alijibu, naye kwa mtaa mzima. "Hakijawahi kuwa nao."